Taa ya Gari Linaloteleza

Kwenye dashibodi ya magari mengi ya Kijapani tunayonunua yakiwa yametumika kuna taa ndogo ya njano. Ina picha ya gari, na nyuma ya gari mistari miwili iliyopindapinda kama njia ya nyoka. Gurudumu likianza kuzunguka bure au mkia wa gari ukitaka kwenda kando, taa ile inamwekamweka. Maana yake ni kwamba gari limeshituka kabla ya dereva: limekamata gurudumu lile kwa breki na kuipunguza injini nguvu, mpaka tairi lishike ardhi tena. Kwa hiyo taa inapomwekamweka, kuna kazi inafanyika kwa ajili yako. Ikitulia, hatari imepita.

Kwetu Tabora taa hiyo ni ugonjwa. Mji wetu una mchanga kila mahali. Ukiacha lami pale Gongoni ukakata kona kuingia mitaani, unaingia mchangani, na hata gari lisilo na kasoro litawasha taa hiyo mara mbili kabla hujafika mlangoni kwako. Basi mwenye gari anakwenda gereji. "Fundi, linaniwashia taa, na likiwasha taa linakosa nguvu." Fundi anainama, anachomoa waya mahali, taa inazimika moja kwa moja, gari linaruka kama swala na kila mtu anafurahi. Nimeona jambo hilo likifanywa na watu ninaowaheshimu. Zamani nilikuwa nacheka. Tangu siku ya mazishi ya shangazi yangu silicheki, na mtu akinisimulia mbele yangu jinsi fundi wake alivyoliponya gari lake, naondoka nisije nikamtukana.

Shangazi ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa sijui kutembea, na baba alikuwa mtu wa safari, kama nilivyokuja kuwa mimi. Shangazi hakujaliwa mtoto. Alikuwa anasuka mikeka ya ukindu barazani, amekunja mguu mmoja chini, na mdomo wake ulikuwa unakwenda haraka kuliko vidole. Katika ukoo wetu wanaume waliokuwa maharimu zake tulibaki wawili tu: mimi, na mtoto wa baba yangu mdogo. Hili lilikuwa na uzito, kwa sababu kwetu mwanamke akizikwa, wanaoingia kaburini kumpokea ni watu wake wa damu. Wengine wanashika shuka juu, wengine wanateremsha, lakini mikono inayompokea chini iwe ya mwanawe, au ndugu yake, au mtoto wa ndugu yake.

Yeye alilisema hilo bila haya, mbele ya wageni, huku anakula.

"Wewe mzururaji, siku yangu usije ukawa Kigoma."

"Shangazi, tule kwanza."

"Nakula. Nasema tu. Sitaki nipokewe na mwanamume ambaye hajawahi kula ugali wangu. Nitamuonea haya."

Nilimuahidi. Nilikuwa namuahidi kila nilipofunga mzigo, na kufunga mzigo nilifunga mara nyingi. Nilimaliza kidato cha nne nikaona mji umenibana. Niliendesha lori miaka mingi, Tabora kwenda Kigoma, Tabora kwenda Singida na kuendelea hadi pwani, kwenye njia ile ile ambayo babu zetu wapagazi waliikanyaga kwa miguu, pembe ya ndovu begani. Usukani wa lori umenifundisha barabara za kwetu zinavyobadilika, mchanga ukiwa mkavu, udongo mwekundu ukiwa umelowa juu na mgumu chini. Siku hizi sina lori. Nanunua asali na nta kwa warina wa msituni, Sikonge na kuendelea ndani, na kuna wiki nalala huko.

Nilikuwa huko simu ilipoingia alfajiri. Binamu yangu, yule mtoto wa baba mdogo, ndiye aliyepiga. Shangazi ameondoka usingizini, atazikwa baada ya swala ya adhuhuri.

Mwenyeji wangu, mrina asali, alikwisha kutoa pikipiki yake nje kabla sijamaliza kulia. Angenifikisha Sikonge, pale kuna lami na magari ya Tabora hayakosekani asubuhi. Nikampigia binamu kumwambia natoka.

"Usipande kitu!" alisema. "Nakufuata mwenyewe. Na hii mashine yangu, kaka, Sikonge ni pale tu. Tunaingia wote wawili pamoja, kama shangazi alivyotaka."

"Huku njia imenyesha usiku kucha. Baki hapo, nitafika."

"Gari inavuta magurudumu yote manne, ina turbo, unaniambia habari ya mvua? Wazee nimeshawaambia nakuja kukuchukua. Utanivunjia heshima."

Alikuwa ameshakata, na nilipopiga tena hakupokea. Ningepanda pikipiki tungepishana, maana njia za msituni ni nyingi, naye angekuwa msituni wakati maiti inatoka. Nikakaa kwenye kigogo kumsubiri.

Alichelewa. Nilipoliona gari likitokeza kwenye miti nilielewa kwa nini, maana lilikuwa linang'aa. Alikuwa amepita kwanza kuliosha.

"Siwezi kuingia msibani na gari chafu," alisema.

Nilizunguka nyuma ya gari kuweka mfuko wangu, nikaona matairi. Ya mbele yalikuwa mapya, kashata zake za kushikia ardhi zimesimama. Ya nyuma yalikuwa vipara, mitumba ya kwenye makontena, hata upana wake haukulingana, na mpira umekauka hadi umepasukapasuka pembeni kama kisigino cha mwenye kutembea peku. Nikalibonyeza moja kwa kiatu. Gumu kama jiwe. Alikuwa amejaza upepo mpaka mwisho.

"Mbona mapya yote umeweka mbele?"

"Mbele ndiko kunakoongoza. Nyuma kunafuata tu."

"Na upepo wote huu?"

"Likiwa gumu halili mafuta. Panda, kaka, tunachelewa."

Panda, tunachelewa! Mtu aliyepitia kwenye sabuni.

Kuhusu kuongoza na kufuata, hebu niseme mara moja. Matairi ya mbele yakiteleza, gari linakwenda mbele wakati wewe unataka kukata kona. Unatoa mguu, linatulia, linakusikiliza. Matairi ya nyuma yakiteleza, mkia unataka kutangulia kichwa, na hapo usipokuwa na mtu wa kuukamata ule mkia umekwisha. Mtu wa kuukamata ni ile kompyuta yenye taa ya njano. Nayo pia haina miujiza. Inaweza kupunguza nguvu, inaweza kushika breki gurudumu moja moja, lakini haiwezi kuliotesha kashata tairi lililoisha. Kinachoshika ardhi ni mpira peke yake. Kwa hiyo tairi zuri bila kompyuta unaweza kusalimika, na kompyuta bila tairi inakusaidia kidogo. Binamu yangu hakuwa na kimoja wala kingine, na katikati alikuwa na turbo.

Niliangalia dashibodi alipowasha. Taa nyingine zote ziliwaka kujipima, zikazimika. Mahali pa ile ya njano palikaa peusi.

"Taa ya kuteleza iko wapi?"

"Aa, ile? Nilimpa fundi akaiondoa. Ilikuwa inasumbua, kila mchanga inapiga kelele. Sasa hivi nguvu yote ni yangu." Akapiga usukani kofi. "Utaona."

Nikaona.

Njia ile inapita katikati ya miombo halafu inatokea kwenye mashamba ya tumbaku. Mvua ilikuwa imeacha utando wa maji juu ya udongo mwekundu, na chini yake udongo ni mgumu kama sakafu. Nilimwambia apunguze. Akapunguza, kweli. Tukaingia kona iliyo karibu na bani la kukaushia tumbaku, polepole kabisa, na tulipofika katikati ya kona akaona mbele kumenyooka, akakanyaga mafuta.

Asiyeijua turbo atashangaa. Unakanyaga, gari linakuwa kama halikusikia. Basi unaongeza mguu. Moshi wa injini unazungusha feni ndani ya turbo, feni inasukuma hewa, na hewa ikishajaa nguvu inakuja yote kwa pamoja, kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango. Wakati huo mguu wako umeshazama kuliko ulivyokusudia. Kwenye lami kavu unasukumwa kwenye kiti unacheka. Sisi tulikuwa kwenye kona, juu ya utando wa maji, na matairi ya nyuma yalianza kuzunguka bure kwa sauti kali kama cherehani. Mkia ukatupita. Nililiona bani dirishani kwangu, nikaliona tena dirishani kwake, halafu gari likatumbukia mtaroni likainama, upande wangu umeegemea ukuta wa udongo.

Hatukuumia.

"Limeingia kidogo tu," alisema binamu.

"Kidogo? Mlango wangu haufunguki!"

"Linatoka lenyewe. Subiri turbo iamke."

Akakanyaga. Magurudumu yakazunguka, tope likaruka hadi kwenye paa, gari likashuka. Akakanyaga tena, likashuka zaidi. Niliongea naye kwa upole, nikaongea kwa ukali, mwisho nikatoka kwa kupanda juu ya mapaja yake, maana yeye hakutaka kutoka kwenye usukani.

Wakulima wa tumbaku walikuwa wameacha majembe wanakuja. Mbele yao mama mmoja mnene, kanga kiunoni, mikono imejaa utomvu wa tumbaku. Nikamwamkia, nikamwambia tuna msiba Tabora, shangazi yetu, mazishi adhuhuri. Akauliza sisi ni watu gani. Nikamwambia Wanyamwezi. Akapiga makofi.

"Watani wangu! Mimi Muha. Basi poleni sana, watani. Yaani marehemu ameshafika anakokwenda, ninyi wazima bado mko kwenye tope?"

Wenzake wakacheka. Utani wa msibani ni haki yake, nami ningeupokea siku nyingine kwa moyo mkunjufu. Siku ile ulinichoma, kwa sababu ulikuwa kweli.

Akalitazama tundu kubwa la kuingizia hewa lililo juu ya boneti. "Na hili lenye pua juu ya kichwa, linashindwaje na mtaro? Punda wa shemeji yangu angekuwa ameshapita Sikonge."

"Mama, hili lina turbo," binamu akajibu kutoka dirishani, amenuna.

"Basi mwambie huyo turbo ashuke asukume."

Wakashika nyuma kusukuma. Nilimwambia binamu, sikia, gusa mafuta kama unagusa yai. Akasema sawa. Walipoinua tu, akazamisha mguu. Magurudumu yakalia, tope likawapiga wale watu vifuani na usoni, mzee mmoja akaanguka kwa magoti. Yule mama hakutania tena.

"Huyu ana wazimu," alisema, anajifuta macho kwa kanga.

Hapo ndipo nilipofungua mlango wa dereva nikamshika binamu yangu kwa kola. Sijawahi kumpiga ndugu yangu, wala siku ile sikumpiga, lakini mkono wangu ulikuwa umekwisha kukunjwa. Nilimwambia atoke. Alitoka. Akasimama kando, anafuta upande wa gari kwa kiganja.

Nilitoa upepo kwenye matairi yote manne kwa kijiti mpaka yakatandika tumbo chini, ili mpira ushike sehemu kubwa zaidi. Tukachimbua tope mbele ya magurudumu, wakatuletea kuni za bani tukazipanga chini yake. Kazi hiyo haina njia ya mkato, na jua lilikuwa linapanda. Kisha nikakaa kwenye usukani. Gari lile ni la gia za kujiingiza, nikaizuia gia isishuke chini ya mbili, maana gia ya chini ndiyo inayozungusha magurudumu kwa hasira. Mguu nikauweka juu ya mafuta kwa uzito wa soksi. Injini ikawa inanguruma chinichini, turbo imelala, na mimi niliomba ilale hivyo hivyo. Wakasukuma. Gari likapanda kuni moja, likapanda ya pili, likatoka mtaroni taratibu kama ng'ombe anayeamka.

Wenye kuzitengeneza taa zile hawakuwa wajinga. Walijua kuna tope ambalo gurudumu lazima lizunguke kidogo ndipo utoke, ndiyo maana wakaweka na kitufe. Unazima, unatoka, unawasha tena. Kwenye gari la binamu kitufe kilikuwepo. Nilikibonyeza kwa hasira tu. Kilikuwa kimekufa na vyote vilivyofungwa nacho.

Tuliwashukuru wale watu nikaondoka nalo mimi. Binamu akaja kukaa upande niliokuwa nimekaa mwanzo, akipitia dirishani kwa sababu mlango ulikuwa umebonyea. Tulipofika Sikonge nilitaka kujaza upepo, lakini penye pampu umeme ulikuwa umekatika. Tukaingia kwenye lami na matairi yaliyolegea mbele na vipara vilivyolegea nyuma, na mvua ikaanza upya.

Hapo hasira yangu ilipata sura nyingine. Chini ya boneti nilikuwa na nguvu za kutosha kutufikisha Tabora swala haijaadhiniwa, na sikuweza kuzitumia. Kila nilipogusa mafuta zaidi ya kidogo, nilisikia mkia ukitikisika juu ya maji, na hakukuwa na kitu cha kuukamata isipokuwa mikono yangu. Nikaendesha polepole. Pikapu iliyobeba matenga ya kuku ikatupita, kuku wanatuangalia.

"Kanyaga, kaka!" binamu akasema. "Lami hii! Gari la turbo unaliendesha kama umebeba bibi harusi?"

"Nikikanyaga, leo watachimba makaburi matatu."

"Unaogopa tu. Umezoea malori."

"Ukifungua mdomo tena nakushusha hapa hapa na mvua yako."

Akafunga. Simu yangu ikalia, nikampa aiweke karibu na sikio langu. Alikuwa mzee wa mtaa wetu, anayesimamia mazishi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mko wapi, mwanangu? Jeneza limetoka msikitini. Tuko makaburini na mvua inakuja. Tuwasubiri?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali gumu kuliko hilo. Kumchelewesha maiti ni vibaya, kila mtoto wa kwetu analijua hilo, na maji ya mvua yalikuwa yanakaribia kuingia kaburini mwake wakati mimi natafuta maneno. Niliangalia barabara. Nilijua nilipo na nilijua gari linavyotembea.

"Msitusubiri, mzee."

"Una hakika?"

"Mwingizeni."

"Hakuna maharimu hapa."

"Najua. Mwingizeni tu."

Binamu akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, paji la uso limeegemea dashibodi, na mimi sikumhurumia. Mpaka leo najaribu kumhurumia kwa ajili ya saa ile na siwezi.

Tulipofika makaburini mvua ilikuwa imekatika. Tuta lilikuwa limeshainuliwa, dua imeshasomwa, watu wanatawanyika kwa vikundi. Wakanipa pole wakinishika mkono, nikawajibu nisijue nasema nini. Nilichota udongo kwa mikono nikaongeza juu ya tuta, ingawa halikuhitaji. Kisha nikamuuliza mzee wetu ni nani aliyeingia.

Akanionyesha kwa kidevu. Kando kulikuwa na mwanamume amekaa juu ya jiwe, suruali imekunjwa, tope limempanda hadi magotini. Namfahamu kwa sura: anauza mkaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Shangazi alikuwa akigombana naye kila wiki juu ya magunia yake. Sidhani kama aliwahi kula kwake.

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Akataka kusimama, nikamzuia.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Walitafuta mtu, nikaona wote wanatazamana. Nikashuka."

"Asante."

"Tulimfunika vizuri. Shuka lilishikwa juu mpaka mwisho, hakuna aliyeona kitu." Akaviangalia viganja vyake. "Alikuwa mwepesi. Sikutegemea."

Karibu na tuta lilikuwepo birika la plastiki, lile walilonyunyizia maji juu ya kaburi. Nikalichukua, nikashika mguu wake mmoja, nikaanza kuumiminia maji na kuondoa tope kwa kidole, katikati ya vidole vyake vyote. Alikataa kwanza, halafu akaniachia.

Nyuma yangu nilimsikia binamu anawaeleza wazee, sauti imeshakauka machozi. "Barabara za huko, wazee wangu, ni mbovu, mbovu kabisa. Gari lenyewe halina tatizo."

Wazee wakaitikia kwa kuguna. Akaja akasimama juu yangu, kivuli chake kikaniangukia mkononi. Nadhani aliona ninachofanya, akaelewa kwamba jambo hilo lilikuwa linamhusu na yeye. Akainama akanyoosha mkono kwenye birika.

"Nipe na mimi, kaka, nimuoshe huo mwingine."

"Maji yamekwisha," nikamwambia.

Birika lilikuwa limejaa nusu na alikuwa analiona. Nikauvuta mguu wa pili wa yule muuza mkaa, nikauweka juu ya goti langu, nikaendelea kummiminia.